Mama alivunjika nyonga kipindi cha korona, nikamficha msiba wa baba

Wakuu, nawasalimu kutoka huku Bariadi. Haya yalinikuta mwenyewe, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Kipindi kile cha korona mama alikuwa nyumbani Lalago, anafukuza mbuzi waliovamia pamba iliyoanikwa. Akateleza, akaangukia ubavu.

Majirani wakasema mguu umeteguka tu. Tukamkanda maji ya moto siku tatu, anapiga kelele, sisi tunakanda.

Nikamleta hospitali huku mjini. X-ray ikaonyesha nyonga imevunjika.

Daktari akasema ni operesheni, ila wodi ya upasuaji wamelazwa wanaoshindwa kupumua, na mtaalamu wa usingizi mwenyewe anaumwa. Tusubiri. Wakamfunga mguu, wakaning'iniza uzito mwisho wa kitanda.

Ndani aliruhusiwa ndugu mmoja, nikawa mimi.

Baba alifikia kwangu. Mzee wa ng'ombe, hana maneno mengi. Kila asubuhi anasimama nje ya dirisha la wodi, wanasalimiana Kisukuma, mama anaulizia ndama, basi.

Wiki ya pili baba akaanza kukohoa. Siku ya nne akafariki.

Tulimzika Lalago, watu wachache, haraka haraka. Jioni ileile nikarudi wodini.

Daktari alishanionya: presha ya mama ikipanda, operesheni haifanyiki. Nisimwambie.

Mama akawa anaangalia dirishani, akamuulizia baba. Nikamwambia getini wamekaza, wazee hawaruhusiwi.

Hakuuliza tena.

Operesheni ikafanyika, ikaenda salama. Siku ya tatu namlisha uji, akasukuma kijiko pembeni.

"Baba yako mmemzika wapi?"

Nikaweka bakuli la uji chini.

"Nilijua siku uliyorudi na udongo kwenye viatu. Nilinyamaza ili upate nguvu za kuniuguza."

Wakuu, nililia mbele ya wodi nzima.

Leo mama anatembea kwa fremu ya chuma ya kuegemea. Kaburini ameenda mara moja, akakataa nimsindikize.

Nilichojifunza: mzee akianguka na kushindwa kusimama, msimkande. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Hilo la kuficha, hadi leo sina jibu. Daktari alikuwa sahihi, mama yuko hai. Lakini alibeba msiba peke yake, mguu umefungwa kitandani, asiweze hata kulia kwa sauti.

Mliowahi kumficha mgonjwa msiba, semeni hapa. Mlipomwambia, aliwasamehe?