Chambo cha Nywele za Kusukia

Juzi saluni, nywele za kusukia za bluu zilininasa kiatuni, nikakumbuka mchana mmoja chumbani kwetu mtaa wa Berea, katika jiji la bara lililo mbali na bahari. Papa, baba yangu, alikuwa akitengeneza vyambo vya samaki wa baharini. Alifunga shanga mbili nzito kwenye ndoana, ziwe macho na kukizamisha chambo, halafu mkia wa nywele zilizobaki kwenye kazi ya Mama ya ususi. Gundi ilinuka chumba kizima. Mimi nilishavaa viatu, naenda dirishani na kurudi. Nilidhani bahari iko nyuma tu ya maghorofa ya mtaa jirani wa Hillbrow.

“Papa, tunaenda saa ngapi?”

“Tulia basi, uzi utakatika.”

Alipomaliza, alivitia vyote kwenye bahasha ya duka lililoviagiza. Ndipo akaviona viatu vyangu.

“Bahari ikoje, Papa?”

“Sijui, mwanangu. Hata mimi sijaiona.”