Halbadiri Nitasomewa Mimi, na Ubani Nimetumwa Mimi

Admin, nifichie jina langu, maana mji wetu huu mtu akipiga chafya Malindi anaombewa rehema Shangani. Mimi ni kijana wa miaka thelathini na moja, naishi Mpendae, kazi yangu kutembeza wageni Mji Mkongwe. Kitaliano nilijifunza hotelini, na mdomo nilijaaliwa na Mwenyezi Mungu. Mdomo huo ndio ulioniponza.

Miaka minne iliyopita, nikiwa bado mchanga kazini, nilipewa kundi la wastaafu wa Kitaliano. Ratiba ilikuwa makumbusho asubuhi, kisha soko, kisha chakula. Tulipofika makumbusho tukakuta yamefungwa kwa matengenezo, na mimi sikuwa na habari. Wazee wakaanza kunung'unika, mmoja akatoa simu anishitaki ofisini. Nikawazungusha vichochoroni sina la kuwaonyesha, jasho linanitoka, mpaka tukasimama mbele ya nyumba yenye mlango mkubwa wa nakshi, umefungwa, umejaa vumbi. Bibi mmoja akaniuliza kwa nini mlango mzuri namna ile hautumiki. Wallahi ningesema sijui, leo ningekuwa nalala usingizi wangu. Badala yake nikamwambia kwamba zamani bibi harusi alifia kwenye kizingiti kile siku ya kupelekwa kwa mumewe, na tangu hapo binti wa nyumba ile akiolewa ndoa haidumu, lazima mmoja afe. Bibi akatoa machozi. Kundi zima likapiga picha, na malalamiko yakaisha pale pale.

Ukweli niliujua baadaye. Mbao zimevimba kwa mvua, bawaba zimeshika kutu, wenyewe wanapitia mlango wa ubavuni. Basi.

Kundi lililofuata lilikuja na picha za lile la kwanza, linataka kuonyeshwa mlango wa bibi harusi. Wenzangu wakaudaka. Ofisi ikautia kwenye ratiba, baina ya makumbusho na soko. Kila mtembezaji akaongeza chumvi yake: mmoja anasema vigelegele vinasikika ndani, mwengine anawakataza wageni kugusa komeo. Siku moja nikawasikia wanawake wa mtaa ule ule, watu wazima waliozaliwa hapo, wanaambiana, "Kumbe ndiyo maana binti za nyumba hii hawaolewi." Nikacheka. Nakiri, nilicheka.

Kisha nikampenda binti wa nyumba ile. Nimwite Asya. Alitoka na ndoo kwa mlango wa ubavuni, akanikabili mbele ya wageni wangu: "Nyinyi kwenu hakuna milango? Kila siku nyumba ya watu tu!" Nikaomba radhi, nikaacha kupeleka makundi pale, nikawa napita kumsalimia mama yake. Nilimwambia mama nilikuwa nasimulia niliyoyakuta kwa wenzangu. Uongo juu ya uongo. Mama yake, nimwite Bi Rukia, akaniamini, akawa anasema mimi peke yangu ndiye niliyewaonea imani. Mwezi uliopita nikapeleka posa, ikakubaliwa.

Wiki mbili baadaye wakaja watu kutoka mtaa wa Amani, upande wa mchumba wa dada mkubwa wa Asya, wakavunja uchumba. Sababu hawakuificha: wamesikia nyumba ina nuksi, na mama wa kijana haoni kwa nini mwanawe afe kwa ajili ya ndoa. Dada amejifungia chumbani. Bi Rukia akaniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kaa. Mie nshachoka. Ijumaa baada ya Alasiri naisoma halbadiri. Aliyezua maneno haya ajitokeze kabla ya hapo, namsamehe bure. Asipokuja, laana imshukie, mimi na yeye kwa Mungu. Wewe mtoto wa nyumba, utakaa karibu na sheikh utuitikie amin. Na upite Darajani uninunulie ubani, ule mzuri."

"Inshaallah mama," nikasema. Nikaenda Darajani.

Najua wapo watakaoandika hapa kwamba halbadiri haina msingi. Andikeni. Mimi nilikulia jirani na mtu aliyesomewa kwa wizi, nikamwona kwa macho yangu anazunguka mtaa akijitaja mwenyewe huku analia. Mwenzangu mmoja wa kazini nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Itikia kwa mdomo, moyoni sema siye mimi." Kama Mungu naye ni mgeni wa kutembezwa.

Nikataka kuungama. Kwanza nikampima Asya. "Na huyo mtu akijitokeza kweli, mtamsamehe?"

Alikuwa anachagua mchele, hakunitazama. "Mama atamsamehe, kashaahidi. Mimi dada yangu siku ya tatu leo hajala. Nnakwambia, mtu huyo mimi sura yake sitaki kuiona mpaka nnakufa." Kisha akaniuliza kama kanzu yangu nyeupe nimeshaipiga pasi.

Nikisema, namkosa Asya. Nikinyamaza, najilaani kwa mdomo wangu mwenyewe, halafu nimuoe, nile naye sahani moja siku zote hali najua. Nikisingizia kazi nisiende, nani atapeleka ubani? Ninao mimi, kwenye karatasi juu ya kabati, na chumba kizima kinanukia. Naogopa, ndugu zangu. Sijawahi kuogopa hivi.

Leo Jumatano. Nishaurini kwa ukweli, hata kwa kunitukana: ubani huu niupeleke nikiwa nimefunga mdomo, au niupeleke na jina langu? Na msikawie. Asya naye hufuata ukurasa huu, visa vyenu ndivyo tunavyosimuliana jioni. Majina nimeyabadilisha yote, ila mlango sikuweza kuubadilisha, na mlango wa namna ile ni mmoja tu. Nijibuni kabla hajafika hapa.