Majeruhi Tuliyemgombania Keko

Kabla ya siku ile nilikuwa nimetukanwa na polisi mara nyingi, lakini sikuwa nimepigwa. Nilikuwa dresa, mfunga vidonda wa gari la wagonjwa Temeke, kijana niliyeshuka kutoka bara na cheti cha shule ya misheni, na ugomvi wetu na askari ulikuwa jambo la kawaida. Wao walimtaka mtu kwa ajili ya kesi, sisi tulimtaka kwa ajili ya kidonda chake. Mara nyingine tulimkuta mgonjwa ametiwa pingu na ufunguo hauonekani. Mimi nilibembeleza. Dereva wangu aligomba. Alikuwa Mwarabu wa palepale Temeke, mtoto wa mwenye duka, na alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma akiwa hamwogopi tena mtu kwa sababu ya sare ya kaki.

Asubuhi hiyo tuliitwa Keko, kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Wafanyakazi waligoma, wakakaa langoni wasiruhusu magogo kuingia, na polisi wakatumwa kuwaondoa. Tulipofika, virungu vilikuwa vimeshafanya kazi. Watu walisukumwa ng'ambo ya barabara, wanapiga kelele, na uwanjani, katikati ya maranda, alikuwa amelala fundi seremala mmoja wa makamo. Damu ilimtoka sikioni. Nilimfunua macho nikaona mboni moja imetanuka kuliko mwenzake. Alikuwa anakoroma kama mtu aliyeshiba.

"Machela," nikamwambia dereva.

Tulikuwa tumeshamnyanyua fundi, sajini wa polisi alipokuja mbio.

"Mshusheni. Huyo ndiye mkubwa wa fujo. Anakwenda kituoni."

"Sajini, kichwa kimepasuka," nikasema. "Tumfikishe hospitali kwanza. Weka askari wako ndani ya gari, amlinde."

"Wewe dresa, nimekuomba shauri?"

"Akilazwa sakafuni kituoni atakufa."

"Basi afe."

Akashika mpini wa machela akavuta. Nami nikavuta. Fundi yule akayumba kati yetu, mkono wake mmoja unaburuzika mchangani, na mpaka leo nikikumbuka najiuliza kama tulimwongezea maumivu, au alikuwa hasikii tena. Kirungu cha sajini kilinipata begani. Nilisikia mfupa ukilia, mkono ukafa ganzi, machela ikaanguka upande wangu. Dereva aliweka upande wake chini taratibu, akajilaza juu ya mgonjwa kumkinga. Sajini akampiga vidole, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kama anayeponda kitu kinuni. Dereva alipoinuka alikwenda garini, akatoa hendeli ya kuwashia gari, akarudi, akamchapa nayo sajini usoni.

Sajini akaanguka kwenye maranda. Halafu mawe yakaanza.

Watu walivuka barabara wakaja na vipande vya mbao za mninga, na makopo, na chochote. Polisi walimbeba sajini wao wakakimbilia lori lao, wakaondoka. Mmoja wakamwacha. Alikuwa askari mgeni kazini, kofia imemtoka, jiwe limemvunja taya, anatambaa kuelekea kwetu. Watu wakamfikia kabla hajatufikia. Niliona miguu tu ikipanda na kushuka.

Nilijitosa humo na mkono mmoja. "Niachieni! Ni mgonjwa wangu huyo!" Mtu akanipiga kofi, nadhani hata hakuniona. Sikuweza kuwazuia. Aliyewazuia ni mama mmoja aliyekuwa akiuza uji pale kiwandani. Alipenya katikati yao, akamkalia yule askari kifuani, akamfunika uso kwa khanga yake.

"Haya, pigeni!" akapiga kelele. "Pigeni na mie! Mmalize mji mzima!"

Mwanamume mmoja alikuwa ameinua ubao. Akautupa, akaanza kulia.

Tuliwapakia wote wawili, fundi upande huu na askari upande ule, magoti yangu katikati. Dereva aliendesha akisukuma usukani kwa viganja, kwa kuwa vidole havikufumba. Njiani askari alimkodolea macho fundi, damu inamdondoka kidevuni, asiweze kusema. Kabla hatujafika mjini ule mkoromo ukakoma. Nilimshika fundi shingoni nikitafuta mpigo, nikatafuta tena. Askari alikuwa akinitazama. Nikatikisa kichwa, naye akageuzia uso wake kwenye turubai.

Kesi iliyofunguliwa ilikuwa ya dereva peke yake, ya kumjeruhi sajini. Ya fundi hatukuisikia. Askari yule aliletwa kortini, taya limefungwa waya, akaulizwa kama alimwona mshitakiwa akipiga. Akakubali kwa kichwa. Hakuulizwa nani alianza. Mimi nilisimama nikaeleza yote tangu mwanzo, kirungu, vidole, maneno ya "basi afe", na hakimu Mzungu akaniambia nijibu nilichoulizwa. Nikaendelea kueleza mpaka nikatolewa nje. Dereva alifungwa, nami nikahamishiwa zahanati ya bara, mbali na gari lolote.

Niliporudi likizo nilimkuta dereva dukani kwa baba yake, ametoka jela. Alikuwa anapima mchele, kibaba anakishika kwa viganja viwili. Tulikumbatiana, tukaletewa kahawa, tukazungumza habari za watoto. Nikamwambia nilikwenda kwa mjane wa fundi, na kwamba anaishi kwa kaka yake, hali si nzuri. Akaita mtu wa nyumbani kwao akamwagiza apeleke gunia la mchele huko. Halafu akauliza:

"Na yule askari? Taya lilipona?"

"Lilipona, lakini limekwenda upande. Ameacha kazi, nasikia amerudi kwao."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaitazama mikono yake juu ya meza. "Lakini angeweza kusema nani alianza, dakta. Hata kwa kichwa, angeweza kusema."

Mteja akaingia kutaka sukari, naye akainuka kumhudumia.