Dola Ilipoanguka Ukunda

Sijui watu wengine walianza lini kuichukia Rumi. Mimi nilianza Jumanne moja baada ya sala ya magharibi, nikiwa nimekalia kiti cha mtoto wa darasa la pili, magoti yamenifika masikioni, na chuki yenyewe haikuwahusu Warumi hata kidogo. Ilimhusu muuza vinyago.

Ninauza korosho za kukaanga Ukunda, pale njia ya Diani inapochepuka kutoka barabara kuu. Zikiiva, harufu hufika Msambweni na watu huko huahirisha chakula cha mchana. Kwetu mtu mwenye kijicho huambiwa ana roho ya korosho, kwa kuwa korosho haijapata kunyooka tangu iumbwe. Maneno hayo nimetupiwa tangu nianze biashara, na kila anayenitupia hudhani ni wa kwanza kuyafikiria. Mwaka ule yalinienea kama kanzu ya kupimwa.

Mke wangu ndiye aliyejiandikisha kwanza katika masomo ya jioni, yale ambayo wenye midomo huyaita ngumbaru hata kama umeshavuka a-e-i-o-u zamani. Mimi nilimfuata wiki ya pili, nikasema ninaipenda elimu. Na ninaipenda kweli. Ila nilikuwa nimepata habari pia kwamba muuza vinyago wa ufuoni Diani amejiandikisha: mtu mrefu kama mnazi, meno yote anayo na yote anayaonyesha, na anajua Kijerumani cha kutosha kumuuzia twiga wa mti mgeni aliyekuja kutafuta ndovu.

Bwana huyo alimwita mke wangu shemeji. Shemeji ni neno halali, huwezi kumpeleka mtu kwa chifu kwa ajili yake. Lakini kuna shemeji fupi, na kuna shemeji ya kuvutwa, inayoanzia mlangoni na kuishia kwenye dawati la mwanamke. Yake ilikuwa ya kuvutwa.

Mwalimu wetu alikuwa binti mdogo kutoka Samburu, mchana akifundisha watoto, jioni akitufundisha sisi wazazi wao. Historia ilikuwa kwenye kitabu cha Kiingereza, naye alitugeuzia kwa Kiswahili. Wiki moja alitupa swali la kwenda nalo nyumbani, la kuanguka kwa Rumi, akasema atakayelieleza vizuri kuliko wote ndiye atakayezungumza siku ya kupewa vyeti, mbele ya familia zetu. Nilipolisikia hilo nilimtazama mke wangu, naye alikuwa ananoa penseli. Nikajisemea, siku hiyo hatakuwa ananoa penseli. Atakuwa ananitazama mimi.

Basi nikasoma. Nilisoma nikikaanga, nikisahau korosho mpaka zikawa makaa. Nilisoma mke wangu akipara samaki, nikamkariria sababu saba: dola ilipanuka kupita uwezo wake, mipaka ilikuwa mirefu na askari hawakutosha, wafalme waliuawa na walinzi wao wenyewe, maradhi yalifagia watu, kodi iliwalemea wakulima, nchi ikagawanywa mashariki na magharibi, na makabila ya kaskazini yakaingia upande wa magharibi na kubaki.

"Umezipanga vizuri," alisema, magamba ya samaki yamemrukia mpaka kwenye nyusi.

Ungeniambia wakati huo nikaitawale hiyo Rumi, ningekwenda, na nadhani isingeanguka.

Jumanne ikafika. Ubaoni mwalimu ameandika kwa herufi kubwa: KWA NINI DOLA YA RUMI ILIANGUKA? Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajaweka chaki chini. Hapo ndipo muuza vinyago alipoingia, amechelewa, mchanga wa pwani bado umemganda miguuni. Akausoma ubao akiwa bado amesimama.

"Mwalimu, shikamoo ya kuchelewa," akasema. "Lakini hili hata sihitaji kuketi. Dola huanguka kila mara."

"Eleza," akasema mwalimu.

"Wenyewe wakiifanya kuwa nyingi, na nyuma yake hakuna kitu, itaanguka. Juzi mimi nimeuza kifaru mzima, kazi ya wiki, nikalipwa dola. Kufika kwa wabadilishaji, wananiambia imeanguka. Nimetoka pale na hela ya nyanya."

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka popo walihama darini. Sisi tulikuwa tunazungumza habari ya utawala, yeye anazungumza habari ya noti za Amerika. Nilimhurumia, wallahi, kwa muda mfupi sana.

Kisha nikaona mwalimu hacheki. Amesimama na chaki yake, kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Hebu rudia," akasema. "Hapo pa kuwa hakuna kitu nyuma yake."

Akarudia. Na mwalimu akatueleza jambo ambalo kwenye sababu zangu saba halikuwamo. Kwamba sarafu ya Warumi ilikuwa ya fedha safi, lakini wafalme walipokuwa na askari wengi wa kulipa na fedha chache, walianza kuchanganya shaba. Kila mfalme akazidisha kidogo. Mwishowe sarafu ilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu. Bei zikapanda, mwenye ngano akakataa kuiuza kwa sarafu ile, askari naye akaona analipwa uongo.

"Kwa hiyo," akasema mwalimu, "dola iliiangusha dola."

"Dola iliiangusha dola," akarudia mke wangu polepole. Akageuka nyuma, akamtazama muuza vinyago kama mtu anayetazama mwezi wa Idi.

Mkono wangu ulikuwa bado juu. Nikazungumza hivyo hivyo. "Mwalimu, huyu alikuwa anasema habari ya pesa za watalii."

"Ninajua."

"Basi amekosea."

"Amekosea vizuri," akasema mwalimu.

Muuza vinyago akaketi, akanyoosha miguu yake ya mchanga. "Ndugu yangu," akaniambia, "korosho zikikaangwa kwa hasira huungua."

Tangu hapo nyumba yangu haikuwa na mazungumzo mengine. Unga ukipanda bei: dola iliiangusha dola. Jirani akipunguza ukubwa wa mahamri: wafalme wa Rumi hao. Nikimkumbusha sababu zangu saba, mke wangu anasema, "Hizo nazo ni nzuri." Hizo nazo. Mwanamume anaweza kuzeeka kwa neno "nazo".

Nikaanza kulinda. Nilihama dawati nikakaa katikati yao, mgongo mpana kama ukuta wa ngome. Nilifunga biashara mapema ili nimsindikize mke wangu darasani, wateja wangu wa jioni wakazoea karanga za ng'ambo ya barabara. Nilimtuma binamu yangu Diani akachunguze kama vinyago vinauzwa kweli au ni kisingizio. Akarudi na kobe wa mti aliyemnunua yeye mwenyewe, anamsifu.

Kisha yule bwana akachonga sarafu. Sarafu ya mti, kubwa kama kifuniko cha chupa ya maji, ina kichwa cha mfalme mwenye pua ya kutisha, akaipaka rangi ya fedha. Alisema ni ya darasa, lakini darasa likampa mke wangu aitunze. Akaiweka nyumbani kwenye rafu, kando ya redio. Kila nikitaka kusikiliza habari, mfalme ananitazama.

Siku moja nilikuwa peke yangu na mfalme huyo. Nikamchukua nikamkwaruza shavuni kwa ukucha wa kidole gumba. Rangi ikatoka. Ndani mti mtupu. Moyo wangu ukaburudika kwa namna ambayo hata Ramadhani maji ya kwanza hayaburudishi. Nikamrudisha, uso umeelekea ukutani.

Siku ya vyeti mwalimu alinichagua mimi. Nisiongope: muuza vinyago alikuwa ameomba ruhusa, kumeshuka wageni wengi hotelini. Lakini kuchaguliwa ni kuchaguliwa. Nilivaa kanzu nyeupe, na mama mkwe alivuka kutoka Wasini kwa ajili ya shughuli hiyo. Nikasimama. Sababu saba zilitoka kinywani mwangu kwa sauti iliyopanda mlima mpaka Kwale, nadhani ofisini walisimama wakidhani ni wimbo wa taifa. Watu wakapiga makofi. Makofi ya adabu, yale ya mkutano wa chifu.

Mama mkwe akainua mkono. "Mwanangu, umesema vizuri, Mungu akuzidishie. Lakini hiyo dola, ndiyo hii wanayotuletea watalii Wasini?"

Sababu ya nane sikuwa nayo. Mke wangu akainuka.

"Mama, karibu ndiyo hiyo," akasema. Akatoa ile sarafu kwenye mkoba wake, akamwekea mama yake kiganjani. "Tazama. Nzuri?"

"Nzuri."

"Sasa igeuze kwenye mwanga. Tazama hapa shavuni palipokwaruzwa. Juu fedha, ndani mti. Askari wa Rumi alikwaruza hivi hivi, akajua anadanganywa."

Sarafu ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akilitafuta lile shavu, akisema "ahaa". Makofi ya safari hii yalikuwa ya harusi. Na katika makofi hayo mke wangu alinitazama mimi, kwa muda mrefu, macho yanacheka.

Tukiwa njiani kurudi, mama mkwe ametangulia na cheti changu mkononi, nikamuuliza mke wangu, "Ulijua ni mimi?"

"Mtoto angekwaruza ukingoni. Na watoto hawaachi weusi wa maganda ya korosho kwenye uso wa mfalme."

Nikakificha kidole gumba ndani ya mkono wa kanzu.

"Baba watoto," akasema, "sababu yako ya pili ndiyo niliyoipenda. Askari wote umewapeleka mpakani, wateja wamekwenda kwa karanga, nyumbani hakuna wa kuzungumza naye. Na huko mpakani hapakuwa na adui."

"Na muuza vinyago?"

"Yule alikuwa anauza vinyago."

Nikalifikiria hilo mpaka nyumbani. Sarafu imerudi kwenye rafu, shavu lililokwaruzwa likitazama nje, na mgeni akija mke wangu humweleza kwamba sehemu hiyo ni kazi ya mume wake. Nimerudisha saa zangu za jioni barabarani, na wateja wanarudi mmoja mmoja, midomo inanuka karanga.

Ila mke wangu ameanza kusoma habari za Misri ya kale, jioni, akitabasamu peke yake. Na nimesikia yule bwana ameshanunua kipande cha mti cha kuchongea piramidi.