Kofia za Pasaka za Wifi Ozella

Wifi yangu Ozella Crudup hakuwa mtu wa makuu. Heshima ya jina la Crudup hapa Macon ililetwa na marehemu mume wangu, mwalimu mkuu. Dada yake alishona kofia tu.

Enzi hizo za ubaguzi, katika maduka ya Wazungu mwanamke mweusi hakuruhusiwa kujaribu kofia. Ulinunua kwa macho, ukamwachia Mungu. Dukani kwa Ozella ulijaribu zote mbele ya kioo kirefu, ukapewa na chai. Wengine, sitawataja, walifuata chai.

Mwaka mmoja, Pasaka ikikaribia, duka kubwa la Wazungu mjini likapunguza bei ya kofia kwa nusu. Wanawake wa kanisa letu wakaacha kufika kwa Ozella kama waliokatazwa na daktari. Rafu zake zilikuwa zimejaa, na mauzo ya Pasaka ndiyo yaliyoliweka duka wazi mwaka mzima. Yakikosekana, anafunga.

Ijumaa Kuu, Lutherine Mabry, mke wa shemasi, akaingia kwa mlango wa nyuma na mfuko chini ya shali. Akavaa alichonunua mjini. Kofia ikamshukia mpaka puani.

"Dada Ozella, usinicheke."

"Sicheki, mama. Naitafuta sura yako."

"Nipunguzie, tafadhali. Nitakulipa."

"Sitaki hela yako. Njoo kesho asubuhi, nitakushonea ukiwa umekaa dirishani."

"Dirishani! Jumamosi! Watu wote wanione?"

"Kwani ulipokwenda kununua ulijificha?"

"We Ozella, una roho mbaya!"

"Na wewe una kichwa kidogo. Usichelewe, shoga."

Nilimwambia wifi faraghani kwamba familia yetu haiaibishi wake za mashemasi.

"Basi kaa wewe dirishani," akanijibu.

Nikaenda kuandaa chai, kwa heshima.

Lutherine alikaa pale kama malkia aliyenuna, Ozella akimgeuzageuza kichwa na sindano mkononi. Wapita njia walisimama, wakacheka, kisha wakakimbilia nyumbani kujaribu za kwao. Kabla ya adhuhuri walijazana mlangoni na mifuko yao.

"Nimeshapunguza moja, inatosha," Ozella akawaambia. "Hizo zirudisheni mjini."

"Kule hawapokei kitu kilichogusa kichwa chetu!"

"Mimi napokea vichwa. Ingieni mjaribu."

Jioni rafuni ilibaki kofia moja tu, yenye manyoya ya kijani, niliyokuwa nimemsihi aitupe. Kesho yake aliivaa mwenyewe kanisani, kiti cha mbele, ubavuni pangu.