Hatua Tisa za Tata

Kuna watu huandika maelezo ili waonekane wanajua, si ili mwingine ajue. Nawadharau tangu zamani. Mmoja wao ndiye aliyemtumia tata yangu ujumbe kwamba kesi yake ingesikizwa kwa video: "Bofya kiungo, thibitisha utambulisho, ruhusu vifaa." Tata, dada wa baba yangu, ni mkulima wa Timau na ana miaka sabini na kitu. Alinipigia simu Nyeri akauliza, "Baba, vifaa gani? Jembe?" Huniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake.

Kesi ilikuwa ya mpaka. Jirani alikuwa ameng'oa itoka, maua tunayopanda kutenganisha mashamba, akayapanda upya mita kumi ndani ya shamba la tata. Siku hiyo tata alitakiwa aeleze kwa mdomo wake alichokiona. Asipoeleza, jirani angelima mita hizo kumi.

Mimi ni mwalimu. Nimesahihisha insha miaka mingi, naujua upumbavu hata ukivaa tai. Niliketi nyumbani kwangu Skuta, papo hapo Nyeri, nikaandika hatua tisa kwa herufi kubwa, nikamtumia karatasi kwa matatu. Egemeza simu kwenye mkebe wa majani ya chai. Gusa maandishi ya buluu. Andika jina lako. Ya nane: gusa picha ya maikrofoni hadi iwe na mstari mwekundu, kuku wako wasisikike mahakamani. Ya tisa: nyamaza hadi uitwe.

Mwalimu mwenzangu aliniuliza kwa nini nisiende Timau nikae naye. Nilimcheka. Maelezo mazuri, nikamwambia, hayahitaji mtu wa kusimama kando.

Siku ya kesi niliingia pia, kutazama. Watu walivyohangaika! Wakili mmoja alituonyesha dari yake. Mwingine alimgombeza mkewe kuhusu chai, na sisi sote tukisikia. Watu waliosoma hao. Na tata? Tata alikuwa katikati ya kioo, kitambaa kichwani, kimya, ametulia. Nilivimba kichwa, nakiri.

Hakimu akamwita. Tata akasimama, kama anavyosimama mbele ya hakimu kila mtu mwenye adabu. Tukabaki na vifungo vya sweta yake. Vifungo vilitikisika, alikuwa anaongea, tena kwa nguvu, na mstari mwekundu ulikuwa pale pale nilipomwambia auweke.

"Mama, hatukusikii," hakimu akasema. Alisema hivyo mara tatu. Vifungo vikaendelea kutikisika.

Nikampigia simu upesi nimwelekeze. Akapokea kwa simu ile ile aliyoingia nayo mahakamani. Picha ikaganda, kisha ikatoweka. Hakimu akaandika kitu, akaisogeza kesi miezi minne mbele, akaita nyingine. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimepanda tawi la juu kabisa.

Wiki iliyofuata tata alinipigia. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi.

"Baba, karatasi yako ni mzuri," alisema. "Iliniambia vile nitanyamaza. Ya kuongea uliandika wapi?"

Nyuma ya sauti yake nilisikia trekta ikilima.