Peasi Lililorudi Kapuni

Hesabu za Kidato cha Nne nilizifeli. Nilipokuwa najiandaa kurudia mtihani, tayari nilikuwa nauza mapeasi na mama sokoni Lushoto. Nilihitaji kufaulu somo hilo moja tu nipate chuo cha uuguzi. Moja tu! Na kilichoniangusha si ujinga, nasema bila aibu. Ni malezi.

Nyumbani kwetu tunda likishashikwa halirudi kapuni. Ukichukua bovu, kula bovu lako. "Unarudisha ili mwenzio ale mkono wako?" mama alikuwa akifoka.

Sasa niletee swali la uwezekano: kapu lina mapeasi matano mabivu na matatu mabichi, chukua moja, lirudishe, chukua jingine. Macho yalisoma "lirudishe", kichwa kikakataa. Kila nikifika tunda la pili nahesabu saba badala ya nane. Mwalimu wa tuisheni, kijana mpole, alichoka kunikosoa.

"Dada, la kwanza umelila?"

"Nimelila, mwalimu."

Alicheka mpaka akakaa. "Kabla ya kugusa la pili, jiulize la kwanza liko wapi. Usiandike kitu mpaka ujue."

Nikaenda kufanya mazoezi kwenye kapu la mama. Nilichukua, nikarudisha, na kofi la mgongo likanifikia papo hapo. Nikamweleza swali la mapeasi manane, kwamba ni mambo ya mtihani.

"Mtihani gani unafundisha uchafu?"

Hakuwa na utani hata kidogo.

Asubuhi ya mtihani niliamka mapema. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia, akanipa peasi kutoka kapuni. Kabla sijaling'ata akalichukua mkononi mwangu. Akalitazama, akakunja uso, akalirudisha.

"Haya. Yalikuwa manane. Sasa yamo mangapi?"

"Manane, mama."

"Nenda."

Swali lilikuja kweli, la mipira ndani ya mfuko. Nilipofika mpira wa pili nikajiuliza wa kwanza uko wapi, nikauona mkono wa mama na uso wake uliokunjamana. Nikaurudisha mfukoni huku nacheka peke yangu, msimamizi akanikazia macho.

Nilifaulu, na leo ni muuguzi. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ya siku ile. Niliporudi nyumbani, peasi moja lilikuwa mezani, limefunikwa kwa bakuli.

"Kula," mama alisema. "Ni lile lako. Nimeona aibu kumuuzia mtu."